Kutoka Kutafuta Dawa ya Kansa hadi Kuzipima Zilizopo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, Sumbawanga)



Nimepewa nusu saa, na Katibu amenionya kwamba safari iliyopita msemaji alichukua saa nzima na pilau likapoa. Nitajitahidi. Mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni "Faida za Masomo ya Sayansi". Nimeomba ruhusa niibadili, kwanza kwa sababu faida hizo mmekwisha kuhubiriwa tangu Kidato cha Kwanza, na pili kwa sababu kuna swali ambalo wenzangu wa darasa letu huniuliza kwa mzaha kila tukutanapo, na mzaha huo una mwiba ndani yake. Husema: "Wewe uliondoka hapa kwenda kutafiti kansa. Sasa tunasikia unawafanyia kazi wenye viwanda vya dawa. Ilikuwaje?" Wengine hata hawaulizi, husema tu kwamba nilifuata noti. Basi leo nitajibu mbele ya mashahidi.

Siku hizi ugonjwa huo twaambiwa tuuite saratani. Mimi nilijifunza neno kansa katika jengo lile pale, na kwa umri huu mtanisamehe.

Nianze na mtu mmoja ambaye jina lake vijana hawa inafaa walijue. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuja Uganda mwaka 1946, na baadaye akafanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine kule Jinja. Madaktari wengi walikuwa wamewaona watoto wa namna hiyo mmojammoja na kila mmoja akaandika jina lake la ugonjwa. Burkitt akaona kuwa ni ugonjwa mmoja, akaandika makala yake mwaka 1958. Kisha akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye kichwa kizuri angeweza kulifanya: alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa posta kwenye hospitali za Afrika akiuliza, je, mmemwona mtoto kama huyu? Majibu yalipokuja aliyaweka kwenye ramani kwa pini.

Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakatoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford kuelekea kusini. Safari ilichukua wiki 10 na maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali, Tanganyika ikiwamo. Walichokigundua ni kwamba ugonjwa ule una mpaka, na mpaka wenyewe ni mwinuko wa nchi. Karibu na Ikweta hauonekani sana juu ya futi 5,000, na kadiri unavyokwenda kusini kiwango hicho hushuka. Yaani ni suala la joto na mvua. Baadaye ikaeleweka kwamba penye joto na mvua ndipo penye mbu, na penye mbu ndipo penye malaria isiyokoma, na malaria hiyo ina mkono wake katika kansa ile.

Sasa tazameni nchi yetu kwa macho ya Burkitt. Hapa tulipo ni zaidi ya futi 5,500. Ukipanda Mbizi unavaa koti. Lakini ukivuka milima hiyo ukateremka upande wa pili hadi Bonde la Rukwa, ziwa liko futi 2,600 hivi, na upande wa magharibi, Kirando na Kasanga, Ziwa Tanganyika liko futi 2,500 na kidogo. Katika siku moja ya kutembea kwa miguu, na wazee hapa wanajua njia zile za mteremko, unatoka nje ya ramani ya Burkitt na kuingia ndani yake.

Mimi nilizaliwa huku juu, penye baridi, upepo na maharage. Wajomba zangu ni wa Muze, bondeni. Tulipokwenda kuwatembelea tukiwa watoto, palikuwa na mtoto wa jirani ambaye taya lake lilivimba hata meno yakalegea na jicho likatoka nje. Nyumbani ilisemwa amerogwa. Mnajua jinsi mji wetu unavyosifiwa kwa mambo hayo huko Dar es Salaam, ingawa wazee wanalifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi", jambo ambalo watani wetu hawataki kulisikia. Mtoto yule hakufikisha mavuno. Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa mwanafunzi wa kemia pale Mlimani, nilifungua kitabu maktabani nikakutana na picha ya mtoto mwingine kabisa, wa Uganda, mwenye uso uleule. Sikulala usiku ule. Kama mnatafuta sababu iliyonipeleka kwenye utafiti, ni picha ile.

Nilipata nafasi ya masomo nje, nikaingia katika maabara iliyokuwa ikishughulika na kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho nacho ni mtoto wa Burkitt kwa namna fulani. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akatoka pale akiamini kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua huenda unaletwa na kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kukiona kwenye hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho mwilini, bila shaka hata Ndugu Mwenyekiti, nacho hakiwasumbui. Kwa nini basi kimletee kansa mtoto wa Muze na si mtoto wa Manchester? Hilo lilikuwa swali letu. Sehemu ya jibu ni malaria. Sehemu nyingine ilipatikana mwaka 1982, pale ilipoonekana kwamba katika seli za uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 kimehama, aghalabu kikajibandika kwenye ile ya 14, na jeni moja ya ukuaji ikawashwa isizimike tena.

Mimi nilipewa protini moja ya kirusi hicho, iitwayo EBNA1. Nilikaa nayo miaka sita. Nasema kukaa nayo kwa maana ileile ya mtu kukaa na mkwe: uliamka nayo, ulilala nayo, na haikusema kitu ila kwa hiari yake. Ilikuwa kazi nzuri. Nani atakataa? Asubuhi ya matokeo mapya, unapoona doa kwenye filamu mahali ulipotabiri kuwa litatokea, ni furaha ambayo sijaipata tena katika kazi nyingine yoyote. Tuliandika makala zetu, zikasomwa na watu wapatao arobaini duniani, nusu yao wakiwa rafiki zetu na nusu mahasimu.

Nikija likizo nilikuwa napita kwa mzee mmoja wa kijijini kwetu, rafiki wa marehemu baba. Siku moja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe si ndiye uliyekwenda kutafuta dawa ya ule uvimbe wa taya?" Nikamjibu ndiye. "Je, uliipata?"

Nikaanza kumweleza habari ya protini. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipokuwa nazungumza nikatambua kwamba jibu la kweli lilikuwa jingine: dawa ilikuwa imepatikana kabla sijazaliwa. Mapema katika miaka ya 1960, Burkitt kule Kampala na Peter Clifford pale Nairobi walikuwa wakiwapa watoto hawa saiklofosfamidi na methotreksati, na wapo waliopona kwa dozi chache tu. Uvimbe uliyeyuka kwa siku kadhaa usirudi. Mwaka 1967 ilifunguliwa Kampala taasisi nzima kwa ajili ya tiba hiyo. Kati ya kansa zote za binadamu, hii ilikuwa mojawapo ya zile za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake, na iliponywa hapahapa Afrika Mashariki. Basi mzee alikuwa na haki ya kushangaa kwamba bado naitafuta.

Swali lile ningeweza kulisahau, kwa maana watafiti tuna njia nyingi za kusahau maswali ya wazee. Lakini mwezi wa Februari 2003, nikiwa likizoni, mtoto wa binamu yangu, mvulana wa miaka sita, akavimba taya.

Safari hii hakuna aliyesema amerogwa. Alipelekwa hospitali, ambayo sina haja ya kuitaja. Daktari akautambua ugonjwa, akaandika dawa sahihi kwa kipimo sahihi. Dawa hiyo haikuwapo dirishani. Binamu yangu akauza ng'ombe wawili, akaenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, akanunua vichupa vya saiklofosfamidi kwenye duka la dawa lenye leseni na kurudi navyo mfukoni mwa begi. Wakati ule barabara ya Tunduma hadi hapa ilikuwa vumbi tupu, na begi lilikaa juu ya injini ya basi. Muuguzi alipokiinua kichupa cha kwanza kwenye mwanga akasema, "Baba, huu si unga tena." Akakataa kuichoma.

Vichupa hivyo nilivishika mwenyewe. Unga mweupe ulikuwa umegeuka uji mzito wa manjano. Kwa mkemia si ajabu: fuwele za dawa hiyo hubeba maji ndani yake, na zikikaa kwenye joto kupita kiasi huyeyuka zenyewe kichupani. Lebo ilisema isizidi nyuzi 25. Sijui ni joto la begi, la dukani, la meli au la bohari fulani njiani. Yamkini yote kwa pamoja. Muuguzi yule alifanya haki kabisa, na kama angekuwa hapa ningemwomba asimame apigiwe makofi. Lakini kuagiza nyingine kulichukua siku 16, na uvimbe wa Burkitt huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto alizikwa Muze.

Nilirudi maabarani nikafanya kazi mwaka mmoja zaidi. Protini yangu ilikuwa palepale na bado ilikuwa nzuri. Ila kila nilipofungua friji yetu, ambayo ilikuwa na kengele ya kulia joto likipanda kwa nyuzi mbili tu, nilikuwa nawaza juu ya lile basi. Mwaka 2004 niliaga. Profesa wangu alisikitika kweli, akaniambia kwamba maelfu wanaweza kusoma majalada ya dawa lakini wanaoijua EBNA1 ni wachache. Maneno yake yalikuwa kweli kwa Ulaya. Kwa nchi yetu mambo yalikuwa kinyume chake.

Sasa, kazi yenyewe ni nini? Maana nimeona hata ndugu zangu wanadhani ninauza dawa. La hasha. Kila dawa kabla ya kuruhusiwa kuingia nchini lazima kiwanda kilete jalada lake: imetengenezwaje, kwa malighafi ya nani, imepimwaje, inakaa muda gani kabla ya kuharibika. Kwa dawa moja jalada hilo huweza kujaza kabati. Kwa upande wetu linapokewa na mamlaka ya serikali: hadi 2003 ilikuwa Bodi ya Famasi, kisha TFDA, na tangu 2019 ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuna miaka ambayo nimesoma majalada kwa ajili ya mamlaka za nchi mbalimbali, na kuna miaka ambayo nimevishauri viwanda jinsi ya kupima dawa zao na kuandika ukweli wake. Sijapata kufanya yote mawili kwa dawa moja, wala sitafanya. Mtu anayekula kwa muuzaji na kwa mnunuzi katika mzigo uleule ni dalali, hata akiwa na digrii tatu.

Nikilifungua jalada sianzi mwanzo. Naenda kwanza kwenye majedwali ya uthabiti, yaani namna dawa ilivyowekwa kwenye chumba cha joto maalumu na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Kwa Ulaya chumba hicho ni nyuzi 25 na unyevu asilimia 60. Kwa nchi za joto kama yetu ni nyuzi 30, na unyevu asilimia 65 au 75. Tofauti ya nyuzi tano mnaiona ndogo? Ndiyo iliyo kati ya unga na uji. Nikikuta kiwanda kimeleta takwimu za nyuzi 25 na kinataka kuuza Mpanda au Muze, namrudishia. Kisha naangalia tarakimu zenyewe. Dawa ya kweli huchoka kidogo kidogo kama mtu mzima: miezi mitatu ni 99.6, miezi sita 99.1, mwaka 98.7. Jalada likinionyesha 99.8 mara nane mfululizo kwa miaka miwili, najua nani alipima: kalamu.

Vilevile kuna kipimo cha kuyeyuka. Kidonge huweza kuwa na dawa yote iliyoandikwa kwenye pakiti na bado kisimfae mgonjwa, kwa sababu kimeshindiliwa hata kinapita tumboni kama kokoto na kutoka kilivyoingia. Kwa hiyo tunakitia kwenye chombo chenye maji ya joto la mwili, nyuzi 37, kasia dogo likikoroga polepole, tunahesabu dakika na kupima kiasi kilichoyeyuka. Baada ya nchi yetu kuiacha klorokwini mwaka 2001 na kuchukua SP kwa malaria, hicho ndicho kipimo kilichoangusha baadhi ya vidonge vilivyokuwa madukani. Rangi yake nzuri, pakiti nzuri, dawa imo, haiyeyuki.

Na msidhani bandia ni za malaria peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Avastin na Sutent bandia zilizokutwa Uganda, dawa za kansa zenye bei ya kuuza shamba. Ndani yake hamkuwa na dawa iliyoandikwa. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya upimaji wa dawa za kansa kutoka Kamerun, Ethiopia, Kenya na Malawi, saiklofosfamidi na methotreksati zikiwamo, na takriban moja kati ya kila sita haikuwa na kiasi cha dawa kinachotakiwa. Fikirini daktari anayemtibu mtoto kwa dawa ya namna hiyo. Atafanya kila kitu sawa, ataona uvimbe haupungui, ataandika kwenye faili kwamba ugonjwa ni sugu. Kumbe ugonjwa hauna hatia.

Kwa upande wetu mambo hayakusimama. Maabara ya mamlaka yetu ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na mwaka 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufikishwa ngazi ya tatu kati ya nne katika udhibiti wa dawa. Hilo si jambo dogo, na wamo vijana wa mikoa ya pembezoni kama wetu waliolifanya. Nawaambia wale wanaosema nchi hii haijui kufanya kitu waende wakaone.

Nakuja kwenye noti, maana najua wenzangu wanaingojea sehemu hiyo. Ndiyo, ushauri unalipa kuliko utafiti. Miaka miwili ya mwanzo ulinilipa pungufu, baadaye ukanilipa zaidi, na nyumba yangu mmeiona. Lakini fedha hiyo ina bei yake. Kuna mwenye kiwanda mmoja aliyenilipa nusu ya kwanza, kisha alipoona ripoti akataka sentensi mbili ziondolewe kabla ya kunilipa ya pili. Sentensi zilibaki. Nusu ya pili naidai hadi leo. Mshauri asiyeweza kuikosa nusu ya pili afadhali akafundishe, au alime ulezi.

Na sitaki kijana yeyote atoke hapa akisema nimeutukana utafiti. Bila Epstein na wenzake tusingejua adui ni nani, na hata sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya kirusi kile. Atakayeipata huenda akamwokoa mtoto wa bondeni asihitaji kichupa chochote. Huenda yumo kwenye viti vya nyuma pale. Nikipita karibu na hadubini mahali popote bado mikono inaniwasha. Mimi nilihama kwa sababu nilikuwa na swali la mzee, na swali hilo halikuwa la maabara ile.

Vijana watatu jana jioni waliniuliza wafanye nini ili waifikie kazi hii. Nilichowaambia ni hiki. Kemia muijue kwa mikono. Hesabu za takwimu, ambazo wengi mnazikimbia, ndizo zitakazowaonyesha kalamu ilipopita. Muhimbili wanatoa shahada ya famasi tangu 1974, lakini mtu wa stashahada ya maabara naye ana nafasi, tena hao ndio haba zaidi huku mikoani. Na jifunzeni kuandika. Ripoti ya ukurasa mmoja inayoeleweka na waziri, hakimu na muuguzi ni kazi ngumu kuliko kuendesha mashine yoyote ya kromatografia. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye yupo hapa, alinichapa kwa ajili ya sentensi ndefu. Wateja wangu wanamshukuru bila kumjua.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Nimekuja na mkoba wa vipimo, ule mdogo wa kubebeka, na Mwalimu wa Kemia ameniruhusu kutumia maabara baada ya chakula. Atakayependa kuona kidonge kikipimwa aje saa tisa kamili na paracetamol aliyonunua mwenyewe dukani. Aje nayo ikiwa na pakiti yake, maana bila namba ya bechi siandiki kitu.